Naomba ushauri: mume wangu ana hemofilia hafifu, lakini kifundo cha mguu hakiponi

Ndugu zangu, mume wangu ni fundi wa mabomba hapa Nairobi. Ana hemofilia A hafifu, yaani ugonjwa wa damu kutoganda vizuri; fakta ya 8 yake, protini inayosaidia damu kuganda, ni asilimia 14 ya kiwango cha kawaida. Iligunduliwa ukubwani, alipong'olewa jino na damu ikakataa kukatika usiku kucha. Tuliambiwa mtu wa kati ya asilimia 5 na 40 kwa kawaida havuji damu kwenye viungo mpaka aumie au apasuliwe.

Sasa kifundo chake cha kulia, kilichoteguka akishuka matatu, hakijawahi kurudi sawa. Akishinda kwenye ngazi, jioni kinapata joto, kinakaza, kiatu hakiingii. Asubuhi anatoka kitandani ameshika ukuta. Kliniki ya mtaani walisema ni baridi yabisi, wakamwandikia diklofenaki, dawa ya maumivu na uvimbe. Nilimkataza kabisa, kwa sababu dawa za kundi hilo, pamoja na aspirini na ibuprofeni, huzidisha kuvuja damu. Anameza parasetamoli tu.

Hofu yangu ni gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. Damu ikiingia kwenye kiungo huila polepole, hata kwa mtu anayeitwa "hafifu", na hilo neno linafanya watu wamchukulie kama mzima.

Kuna aliyepigwa ultrasaundi ya kiungo ikatofautisha damu na gegedu iliyolika? Mazoezi ya viungo mlianza uvimbe ukiwa umeshuka kiasi gani? Na desmopresini, dawa ya kupandisha fakta ya 8, hapa Nairobi mliipata vipi? Anataka kurudi kazini Jumatatu, mimi naona apumzike kwanza mpaka aonwe na daktari wa damu. Nisaidieni.