Honda CG125 ya zamani inazima choki ikirudishwa, na petroli inavuja ikiegeshwa

Ngaramtoni_CG

Habari zenu wakuu. Nina Honda CG125 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ile ya umeme wa volti 6 na platini (swichi ndogo inayoamuru cheche ya plagi), ambayo baba mdogo aliitumia Tanga kwa miaka mingi kabla ya kuiacha imesimama stoo, na sasa ameniruhusu niilete Arusha niirudishe barabarani. Injini ni nzima: haitoi moshi wa bluu, na kompresheni unaisikia mguuni unapopiga kiki. Shida yake iko kwenye mafuta. Inawaka kirahisi nikivuta choki, lakini hata ikishapata moto vizuri, nikirudisha choki inazima papo hapo isipokuwa niishikilie kwa resi. Sailensa, yaani kuunguruma yenyewe bila kushika resi, haina kabisa. Nikiwa barabarani, kwenye resi ya kati na ya juu, inakwenda vizuri bila kumisi, ila nikiachia resi kwenye mteremko ekzosi inapasuapasua.

Tena, nikiilaza usiku bila kufunga koki, asubuhi nakuta petroli imedondoka chini kupitia mpira wa kabureta.

Fundi wa kwanza ameniambia kwamba pikipiki ilizoea hewa ya pwani, kwa hiyo huku juu inahitaji jeti (kipande chenye tundu la kupimia petroli) kubwa zaidi. Wa pili anataka niitupe kabureta hii na kununua mpya ya pikipiki za Kichina, kwa kuwa injini nyingi za pikipiki hizo zimenakiliwa kutoka CG. Ningependa sana kubaki na kabureta ya asili. Naombeni mwongozo wa mahali pa kuanzia.

Fundi_Platini

Ndugu yangu, usinunue kitu chochote kwa sasa. Maelezo yako yenyewe yanaonyesha ugonjwa ulipo.

Kabureta ya aina hiyo ina njia kadhaa za mafuta, na kila njia ina sehemu yake ya resi. Kuanzia sailensa hadi karibu robo ya kwanza ya resi, kazi kubwa inafanywa na jeti ndogo pamoja na skurubu ya kurekebisha mchanganyiko, huku mkato ulio chini ya slaidi (kile kipande kinachopanda ndani ya kabureta ukivuta resi) ukisaidia unapoanza kuvuta. Kati ya robo na robo tatu inatawala sindano iliyoning'inia kwenye slaidi. Jeti kubwa inashika usukani pale tu unapofungua karibu resi yote. Pikipiki yako ni nzima kwenye resi ya kati na ya juu, maana yake sindano na jeti kubwa hazina kosa, na hakuna sababu ya kuzigusa. Kinachokosa mafuta ni njia ya jeti ndogo. Choki inapunguza hewa, ndiyo maana inaficha upungufu huo, na kupasuapasua kwa ekzosi unapoachia resi ni dalili ileile ya mchanganyiko wenye hewa nyingi kuliko petroli.

Kuhusu mwinuko, fundi wako amegeuza mambo. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Tanga. Hewa ikiwa nyepesi na jeti zikabaki zilezile, mchanganyiko unazidi petroli, haupungukiwi. Pikipiki inayosumbuliwa na mwinuko huwa nzito, plagi yake inakuwa nyeusi, na choki inaizidishia ubaya. Yako inaitaka choki. Kama kuna jeti ya kubadilishwa kwa ajili ya mwinuko, basi ni kwa kuweka ndogo zaidi, na hilo ni jambo la kufikiria baada ya kila kitu kuwa safi.

Kwa hiyo fungua kabureta, toa boya (linaloelea kwenye bakuli la chini la petroli na kufunga vali likijaa), vali yake na kila mpira, kisha ifungue jeti ndogo kama inafunguka, kwa sababu kwenye baadhi ya kabureta imepigiliwa moja kwa moja na haitoki. Tundu lake ni dogo mno. Jeti ya Keihin yenye namba 38, kwa mfano, ina tundu la takribani milimita 0.38. Petroli iliyokauka humo kwa miaka inaacha utomvu ambao huwezi kuuona mpaka uielekeze jeti kwenye mwanga. Usiichokonoe kwa waya wa chuma, kwa maana ukishalipanua tundu, jeti hiyo haina namba tena na hakuna marekebisho yatakayokubali. Tumia dawa ya kusafishia kabureta, iache ilowe, kisha puliza kwa upepo wa kompresa. Ukikwama kabisa, unyuzi mmoja wa shaba laini kutoka kwenye waya wa taa unatosha.

Wengi wanaishia kwenye jeti na kusahau njia zilizo ndani ya mwili wa kabureta. Vaa miwani, puliza dawa mahali jeti ndogo inapokaa, na utazame inatokea wapi: lazima itoke kwenye kitundu kilicho upande wa injini, na pia kwenye kitundu cha pembeni kilicho chini ya ukingo wa slaidi. Kimoja kisipotoa, kazi haijaisha.

Mama_Enduro

Nakubaliana na Fundi_Platini kuhusu njia ya jeti ndogo, lakini naomba kabla ya kufungua chochote upime kama kuna hewa inayopenya kati ya kabureta na injini, kwa kuwa dalili zake zinafanana sana na hizo. Ukiwasha injini na kuishikilia kwa resi ndogo, nyunyizia maji kidogo kuzunguka maungio ya kabureta. Mlio ukibadilika, umeipata. Watu hutumia petroli kwa jaribio hili. Tafadhali sana usifanye hivyo kwenye injini ya moto yenye cheche za platini karibu.

Kwenye CG kabureta inafungwa kwa nati mbili, na mafundi wengi wanazikaza kwa nguvu zote, hivyo uso wa kabureta unapinda na oringi (pete ya mpira ya kuziba) haibani tena katikati. Weka uso huo juu ya kioo cha dirisha: ukitikisika, tandika msasa laini juu ya kioo hichohicho na uusugue taratibu hadi ulale sawasawa. Oringi weka mpya, na nati uzikaze kwa zamu, kidogo kidogo.

Kiki_ya_Mombasa

Naongezea kuhusu kuvuja, kwa sababu hapo kuna hatari ambayo haijatajwa. Boya lisipofunga, petroli inaweza pia kuingia kwenye injini na kuchanganyika na oili. Toa kijiti cha kupimia oili na unuse. Kikinuka petroli, au oili ikiwa imepanda kuliko ilivyokuwa, imwage uweke mpya kabla ya kupiga kiki tena.

Kisha itazame ncha ya vali ya boya: ikiwa na mkwaruzo wa duara, badilisha. Litikise boya karibu na sikio, ukisikia maji ndani limetoboka. Lakini liko jambo ambalo hata mafundi wazuri hulipita: ndani ya bakuli kuna kibomba cha shaba kilichosimama, ambacho ndicho njia ya petroli iliyozidi. Kikipata ufa, petroli inavuja hata kama boya na vali ni vipya. Jaza petroli kwenye bakuli pekee likiwa mkononi, ulitazame kwa dakika chache.

Mwisho, kagua tangi. Pikipiki iliyosimama stoo pwani haikosi kutu ndani, na chembe moja ya kutu inatosha kuizuia vali ya boya isifunge.

Ngaramtoni_CG

Nawashukuru sana. Maji hayakubadilisha mlio, kwa hiyo nilifungua. Jeti ndogo ilikuwa imeziba kabisa, na kitundu cha chini ya slaidi nacho hakikutoa dawa mpaka nilipoloweka usiku kucha. Kibomba cha shaba kizima, ila vali ya boya ilikuwa na mkwaruzo na chini ya bakuli kulikuwa na vumbi la kutu. Nimesafisha tangi na kuweka vali mpya. Sasa haivuji, na inasimama bila choki, ila sailensa inapanda na kushuka. Ile skurubu ya mchanganyiko niifungue au niifunge?

Fundi_Platini

Inategemea ilipo. Skurubu iliyo upande wa chujio la hewa inarekebisha hewa, hivyo ukiifungua unaongeza hewa. Iliyo upande wa injini inarekebisha mchanganyiko wenye petroli, na ukiifungua unaongeza petroli. Ifunge taratibu mpaka iguse tu, bila kuikaza, maana ncha yake inaharibika upesi, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Endesha pikipiki mpaka injini ipate moto barabara, ndipo uizungushe robo kwa robo huku ukisikiliza, hadi upate mahali mlio unapopanda zaidi na kutulia. Baada ya hapo shusha sailensa kwa skurubu ya slaidi hadi karibu mizunguko 1,400 kwa dakika. Ikiendelea kupanda na kushuka, kagua nafasi ya platini, ambayo inatakiwa iwe kati ya milimita 0.3 na 0.4, kabla hujairudia kabureta.