"Nembo" usoni: tuliache neno au tuandike "makovu"?

Mwalimu Mwera: Wanafunzi wakisoma "mtu mwenye nembo usoni" wanafikiria beji ya skuli. Wapo wanaotaka paandikwe "makovu". Mie nakataa. Kovu huachwa na jeraha lolote, hata la kuanguka. Nembo ni alama ya kabila, imechanjwa kwa makusudi. Mnasemaje?

Mtu wa Darajani: Nembo, chale, yote mikato ya wembe. Waulizeni Wapemba, kwao chale hazijaisha.

Bint Wete: Kwa nini kila ikitajwa chale tunatupiwa sisi? Unguja hazichanjwi? Tanga je? Na chale si nembo. Ni mikato mifupi miwili mitatu, kifuani au kwenye kiungo kinachouma. Damu ikichomoza tu inasuguliwa dawa. Haina mchoro na hufunikwa na nguo. Nembo hukaa usoni ionekane.

Mtu wa Darajani: Bibie, sikumtukana mtu. Nimesema kinachojulikana.

Bint Wete: Kinajulikana kwa nani?

Mchonga Mpingo: Mnagombania chale, nembo yenyewe mmeiacha. Wamakonde wanaita dinembo. Zamani ngozi ilichanjwa kwa kichuma kiitwacho chipopo, si wembe, kisha ikasuguliwa masizi ya mbegu za mbarika, ndipo mistari ikatoka buluu iliyoiva. Mara moja haikutosha. Ilirudiwa mpaka mchoro ukae. Ukiita hilo kovu, umeifuta kazi ya fundi.

Muuguzi Chake: Wembe mmoja kwa watu wawili huambukiza homa ya ini na UKIMWI, iwe nembo iwe chale. Na zipo ngozi ambazo kovu huvimba likapita mpaka wa mkato, hasa kifuani, begani na masikioni. Likikatwa tu bila matibabu mengine, mara nyingi hurudi, hata kubwa zaidi.

Mtu wa Darajani: Basi na chanjo ya hospitali ni chale. Si kuchanja kulekule?

Muuguzi Chake: Kitenzi kimoja, kazi mbili. BCG, chanjo ya kifua kikuu, kwa kichanga ni mililita 0.05, ndani ya ngozi, bega la kulia. Wiki chache baadaye hutoka kidonda kidogo, kikauka, kikaacha kovu. Msikipake dawa wala kukifunga. Sindano ikizama chini ya ngozi ndiyo huleta jipu.

Mwalimu Mwera: Jamani, nimeuliza nembo.

Bint Wete: Liache, Mwalimu, na pembeni andika "alama za kabila zilizochanjwa usoni". Bwana wa Darajani bado hajanijibu, kinajulikana kwa nani?