Ramani ya simu inanifundisha njia ya Mbezi mimi mkazi wa Kimara, nikifika nisikokujua nimeshazima sauti!

Wadau, hili limenichosha.

Naendesha gari la abiria wa mtandaoni hapa Dar. Nikipata abiria wa Madale nikiwa Kimara, simu inaanza: ingia Morogoro Road, endelea moja kwa moja, Mbezi Mwisho pinda kulia. Jamani, hiyo njia naipita kila siku, na simu hiyohiyo ndiyo inayonirekodi! Inajua ninapolala, inajua nilipopaki jana. Kwenye kuelekeza sasa, inanichukulia kama mgeni aliyeshuka basi la mkoani leo asubuhi.

Muulize njia dereva yeyote wa kijiweni. Neno lake la kwanza: "Goba senta unapajua?" Ukisema unapajua, habari za Mbezi zimeisha, anaanzia Goba kwenda mbele. Kwa nini programu yenye kumbukumbu ya safari zangu zote ishindwe kuuliza hivyo?

Na siyo kelele tu. Abiria yuko nyuma anaongea na simu, anaomba nipunguze sauti ya ramani, napunguza. Tukiacha lami na kuingia mitaa ya ndani, ambako njia mbili za vumbi zinaachana hatua chache na hazina jina, ile sentensi moja ninayoihitaji haisikiki. Napitiliza, nahangaika kugeuza gari kwenye uchochoro, abiria ananuna, nyota zinashuka. Mafuta ni yangu!

Kwenye mipangilio naweza kuzima sauti yote au kubakiza tahadhari. Kuiambia inyamaze mpaka Goba, hakuna.

Njia ninayoijua nataka nitajiwe kilichobadilika leo, basi. Mvua imenyesha, Jangwani kumejaa maji, barabara imefungwa: hapo ipige kelele hata abiria akasirike. Sihitaji kukumbushwa Magomeni iko wapi.

Mtu asiniambie haiwezekani. Mwaka 2006 watafiti wa Seattle, Marekani, walishaonyesha programu ya majaribio iitwayo MyRoute, iliyofupisha maelekezo kwa kuruka sehemu ambazo dereva anazijua. Tangu 2006! Simu za leo zina uwezo mara ngapi?

Nimewaandikia huduma kwa wateja, wakanijibu nisasishe programu. Ilikuwa imeshasasishwa. Mwenye kuijua ramani inayokubali kunyamaza mpaka sehemu unayoichagua aitaje hapa, naihamia leo.