Mrejesho: Uzamivu wa saikolojia ya shule, nimeamua

Ndugu zangu, mwaka jana niliuliza kama mimi, mwalimu Mtanzania niliyeko Minnesota, Marekani, nahitaji uzamivu (PhD) ili niwe mwanasaikolojia wa shule, au shahada ya utaalamu ya miaka 3 inatosha.

Aliyenijibu "kwanza sema unataka kufanya kazi wapi" alinifumbua macho. Kwa kazi ya shuleni tu, ile ya miaka 3 inatosha: kwa viwango vya NASP, chama cha wanasaikolojia wa shule cha Marekani, mafunzo kazini ni saa 1,200, na 600 kati yake lazima ziwe shuleni. Uzamivu unadai saa 1,500, pamoja na tasnifu.

Lakini mimi nataka kutafiti upimaji wa watoto wanaozungumza Kiswahili nyumbani. Mtoto akipimwa kwa Kiingereza alichoanza kujifunza juzi, ugeni wa lugha unaweza kusomeka kama ulemavu wa kujifunza. Yalimkuta mtoto wa jirani yangu Mkongo, na mama yake alilia mbele yangu. Sijasahau.

Kwa hiyo niliomba uzamivu katika vyuo 4. Viwili vimenikataa, kimoja kimya, kimoja kimenipokea na kunilipia ada. Naanza Septemba. Ahsanteni sana.