"Peleka sosholojia": yule mhadhiri wa Fasihi ya Marekani leo kavuka mpaka

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka seminari sasa hivi, hata kula sijala. Jina sitaji. Mliopita kwake mnamjua, na ambao hamjapita, ombeni Mungu awaepushie.

Tulitakiwa kila mtu alete pendekezo la insha ya mwisho wa muhula. Nikaandika kuhusu Harriet Jacobs, yule mama mtumwa aliyemkimbia bwana aliyemmiliki akajificha karibu miaka saba darini kwa bibi yake huko North Carolina, pahali ambapo hata kusimama wima hawezi. Akaja kuandika maisha yake mwenyewe, kitabu kikatoka 1861. Nimekesha na hilo pendekezo. Namkabidhi, anasoma kichwa cha habari. KICHWA TU! Anafunika kalamu, anacheka darasa zima likimtazama, anasema: "Hii si fasihi. Peleka sosholojia."

Peleka sosholojia! Mtu kaishi darini miaka yote hiyo, kaandika, halafu wewe unamfunikia kalamu?

Na muhula mzima huyu bwana katuzungusha baharini na Moby-Dick, ile riwaya ya Herman Melville ya kuwinda nyangumi. Sura 135! Sura ya 32 yote ni kugawa nyangumi kwa madaraja, huyu mkubwa, huyu wa kati, huyu mdogo. Tumekaririshwa nyangumi mpaka nanuka shombo. Mbona nyangumi hakupelekwa zuolojia? Nyangumi ni fasihi, mama mtumwa ni sosholojia?

Kinachoniuma zaidi, huyo mama alishafanyiwa hivi hivi. Wasomi kwa miaka mingi walidai si yeye aliyeandika, hadi msomi Jean Fagan Yellin alipofukua barua zake akathibitisha, na toleo lake likatoka 1987. Leo tena anakuja mtu anacheka. Na kalamu kafunika!

Kimbweta cha Nyuma: Nimeshakaa siti ya mbele. Endeleeni.

Mzee wa Sapu: Pole sana mkuu. Ni huyo huyo. Mwaka wetu nilimpelekea Phillis Wheatley, binti aliyeuzwa Boston akiwa mtoto, mashairi yake yakachapwa London 1773. Nchi yenyewe ilikuwa haijatangaza uhuru! Karatasi ikarudi na neno moja tu: "Nyongeza." Nikala sapu, mtihani nikarudia.

Nondo Milimita 12: Yaani kuambiwa upeleke sosholojia ndiyo unataka tuandamane? Sisi uhandisi tunaambiwa turudi kwetu tukalime, na tunasema asante.

Mwanasosholojia: Samahani, kwani sosholojia ni jalala? Kila insha iliyokataliwa iletwe kwetu? Mleta uzi umetutukana na hakuna aliyeona.

Mleta uzi: Ndugu yangu, sijawatukana. Aliyewatukana ni yeye. Ninachosema mimi, ALICHEKA. Hakufungua hata ukurasa wa pili. Angesoma akaniambia hoja dhaifu, ningenyamaza nikarekebisha.

Kimbweta cha Nyuma: Hiyo kalamu ilikuwa ya rangi gani?

Binti Pangani: Dada, mimi nimezaliwa kwa wavuvi na bado hiyo sura ya nyangumi ilinishinda. Babu yangu kavua maisha yake yote, hajawahi kumwongelea samaki kwa urefu ule. Ila tuseme ukweli, ile sura ya yule mrusha chusa, Queequeg, na jeneza lake ni tamu. Tatizo si kitabu, ni huyo anayekishika.

Mzee wa Sapu: Kitabu chenyewe uliona wapi? Maktaba ipo nakala moja, katikati imechanwa. Sisi tulisomea kopi za stashonari, kila ukurasa mstari wa mwisho haupo.

Nondo Milimita 12: Stashonari ya getini? Yule jamaa alinibaindia ripoti ya fildi kichwa chini. Nikaiwasilisha hivyo hivyo, msimamizi akaigeuza mara tatu.

Mwanasosholojia: Mimi alipoteza kabisa sura ya nne, halafu akanidai hela ya kubaindi!

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Nimwandikie barua mkuu wa idara au nisiandike?

Binti Pangani: Na huyo wa stashonari bei anapandisha bumu, hela yetu ya mkopo, likitoka tu. Juzi kopi moja ilikuwa bei ya kawaida, leo asubuhi kaongeza.

Kimbweta cha Nyuma: Ngoja kwanza. Kaongeza leo? Ina maana bumu limetoka?

Nondo Milimita 12: Limetoka? Lini? Simu yangu haijaita.

Mzee wa Sapu: Mwaka wa pili wanasaini tangu asubuhi. Foleni imefika kantini.

Mwanasosholojia: Na jina langu halipo kwenye orodha! Nani mwingine hayupo? Tuongozane sasa hivi.