Bluzi: nianzie rekodi zipi, na ndani yake nisikilize nini?

MpendaNyuzi:
Wakuu, heshima kwenu. Naomba mwongozo wa bluzi ya Marekani kwa wanaoijua vizuri. Masikio yangu yamezoea rumba na muziki wa dansi. Solo, rizimu na besi nazitenganisha bila shida. Lakini nikiweka Robert Johnson, anayetajwa kila mahali kuwa ndiye mwenyewe, nasikia mkwaruzo, mtu na gitaa lake kwa mbali, na wimbo wa kwanza hautofautiani na wa kumi. Nianzie rekodi zipi? Nisikilize kitu gani hasa? Na kwa mwenye bando dogo, faili la ubora gani linatosha? Chache tu, ila kila moja na sababu yake.

FundiSanturi:
Mkuu, umeanzia palipo pagumu. Johnson alirekodi nyimbo 29 tu, San Antonio mwezi Novemba 1936 na Dallas mwezi Juni 1937, na humo hamna ngoma, hamna besi, hamna mpiga gitaa wa pili. Sikio la rumba linatafuta pa kushika, halipaoni. Anza na Chicago ya miaka ya 1950, kwenye bendi kamili, halafu urudi nyuma taratibu.

Ya kwanza iwe "Hoochie Coochie Man" ya Muddy Waters, 1954. Aliyeutunga ni Willie Dixon, na besi ni yake pia. Bendi nzima inapiga mkato mfupi, inanyamaza, Muddy anaimba peke yake ndani ya kimya kile, mkato unarudi. Piano ni ya Otis Spann, kinanda cha mdomo ni cha Little Walter. Rudia mara tatu, kila mara umfuate mmoja wao.

Kisha mfuate Little Walter mwenyewe kwenye "Juke" ya 1952, isiyo na mwimbaji. Kinanda cha mdomo ni kitu cha kuingia mfukoni, lakini yeye alikifumbata pamoja na maikrofoni ndani ya viganja, sauti ikapita kwenye amplifaya. Viganja vikifunga, hewa inakosa pa kutokea, amplifaya inalemewa, na sauti inanenepa hadi unadhani ni saksafoni. Vikifunguka kidogo, inakonda tena.

"Smokestack Lightning" ya Howlin' Wolf, 1956, haibadili kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) tangu mwanzo hadi mwisho. Gitaa linazunguka palepale, na kinachosogea ni sauti ya Wolf tu. Aliyezoea sebene hatapotea hapo.

Malizia na B.B. King, "Live at the Regal", iliyorekodiwa ukumbini Chicago tarehe 21 Novemba 1964. Akiimba, gitaa lake linakaa kimya, akinyamaza, linamjibu. Kwa maoni yangu hakuna rekodi inayomfundisha mgeni upesi kuliko hiyo, kwa sababu hata vigelegele vya watu vinakuonyesha mstari umegusa wapi.

GumbaNaShahada:
Orodha ya Fundi naikubali. Naongeza hesabu, maana kwa asiyehesabu nyimbo zote zitafanana.

Bluzi ya kawaida ina vipimo 12, kila kimoja mapigo manne. Kwenye ufunguo wa E kodi zinakwenda hivi: vipimo vinne vya E, viwili vya A, viwili vya E, kimoja cha B7, kimoja cha A, kimoja cha E, na cha mwisho B7 inayokurudisha mwanzo. Ubeti una mistari mitatu: wa kwanza, huohuo unarudiwa, wa tatu unajibu. Kila mstari umepewa vipimo vinne, lakini mwimbaji hutumia kama viwili tu. Vinavyobaki ni vya chombo, na humo ndimo wapigaji wanapotofautiana. Ukimfuata mwimbaji peke yake umeacha nusu ya wimbo.

Hesabu ikikatika, usidhani kila mara kosa ni lako. "Hoochie Coochie Man" ina vipimo 16. John Lee Hooker kwenye "Boogie Chillen'", 1948, hafuati 12 wala 16: anaongeza au kupunguza mapigo anavyotaka, na ngoma yake ni mguu unaogonga sakafu. Spika ya simu haitoi sauti za chini, kwa hiyo mguu huo unapotea na rekodi inabaki mifupa. Tumia visikilizio vya masikioni.

Kuhusu Johnson, wengi wakimsikia mara ya kwanza hudhani magitaa ni mawili. Gumba lake linatembeza besi na vidole vingine vinajibu juu. Kulizoeza sikio, weka kwanza "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo, aliyoirekodi Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, huko Katanga mwaka 1952: gumba kwenye besi, shahada kwenye sauti za juu. Si bluzi, wala sisemi mmoja alimwiga mwenzake. Zoezi la sikio ndilo moja.

Kama una gitaa, jaribu "Devil Got My Woman" ya Skip James, 1931. Uzi wa sita shusha kutoka E hadi D. Wa tano na wa nne usiziguse. Wa tatu kutoka G hadi F. Wa pili kutoka B hadi A. Wa kwanza kutoka E hadi D. Utapata D-A-D-F-A-D. Shusha uzi kupita kidogo noti unayotaka, ndipo uupandishe hadi hapo. Ukiishia kwa kushusha, unalegea tena ukianza kupiga. Ukiona gitaa na rekodi havipatani hata baada ya kutuni vizuri, usihangaike: mashine za kurekodia za zama zile hazikuzunguka kwa mwendo uleule kila siku. Tuni kwa kufuata rekodi, si kwa programu ya simu.

ZuhuraWaKanda:
Jamani, mmetaja wanaume watupu, na mlango huu ulifunguliwa na wanawake. "Crazy Blues" ya Mamie Smith ilirekodiwa tarehe 10 Agosti 1920, na mauzo yake ndiyo yaliyozifanya kampuni za santuri kuwatafuta waimbaji weusi wa bluzi.

Kwa Bessie Smith, weka mbili kwa pamoja. "St. Louis Blues" ya Januari 1925, Louis Armstrong akiwa kwenye koneti (tarumbeta fupi), ilirekodiwa kwa pembe, yaani faneli kubwa ya kukusanya sauti, bila maikrofoni: mwimbaji alilazimika kuitupa sauti ndani ya pembe, na vilivyo chini sana au juu sana havikuingia. "Nobody Knows You When You're Down and Out" ya 1929 ni ya maikrofoni: kifua cha Bessie kipo pale pale mbele yako. Koneti ya kwenye ile ya kwanza inamjibu kila anapovuta pumzi, nayo ni mazungumzo ya heshima kabisa.

Na kwa mtu wa rumba, kaka, usimpite Memphis Minnie. "When the Levee Breaks" ya 1929, juu ya mafuriko ya Mississippi ya 1927, inaimbwa na Kansas Joe McCoy, lakini gitaa linalozungukazunguka juu ni la Minnie. Solo na rizimu unazozijua, hizo hapo.

MpendaNyuzi:
Asanteni sana. Swali moja: Sonny Boy Williamson wa 1937 na wa 1963 sauti hazifanani hata kidogo. Ni mtu mmoja?

FundiSanturi:
Ni wawili, na programu nyingi za muziki huwachanganya kwenye ukurasa mmoja. John Lee Williamson ndiye wa "Good Morning, School Girl", 1937, alifariki 1948. Wa "Help Me" ya 1963 ni Rice Miller, aliyetumia jina hilohilo. Angalia mwaka wa kurekodiwa, si mwaka wa albamu.

Bando: wimbo wa dakika tatu kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni kama MB 3, kwa 320 ni kama MB 7. Santuri ya zamani usiishushe hadi 64 eti kwa kuwa ni mbovu tayari. Mkwaruzo ni mgumu kubana kuliko noti safi, na ukibanwa mno unageuka sauti ya maji yanayochuruzika juu ya mwimbaji. 128 inatosha. Epuka pia nakala zilizosafishwa kupita kiasi: mkwaruzo umeondoka, na ncha ya kila uzi imeondoka nao.

Mkwaruzo mbaya kuliko wote ni wa santuri za kampuni ya Paramount, kwa sababu zilitengenezwa kwa mchanganyiko wa bei ya chini, na nakala za leo nyingi zimetolewa kwenye santuri zilizochakaa. Humo ndimo walimo Charley Patton na Son House wa 1930. Kwa House, pita njia hii: sikiliza kwanza "Death Letter" aliyoirekodi 1965 studio, safi kabisa, hadi uujue mkono wake. Kisha "My Black Mama" ya 1930, ambayo ni mzizi wa wimbo huo. Ndipo umrudie Johnson, aliyejifunza kwa House, kwenye "Cross Road Blues". Aliipiga mara mbili na zote zimehifadhiwa. Ya pili ni ya taratibu kidogo, anza na hiyo.