Kikundi cha Ukoo: Santuri ya Babu

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Mzigo wa Anko Rashidi umefika. Santuri ya Duke Ellington na Count Basie, toleo jipya, bado iko kwenye nailoni.

Babu: Marahaba. Usiishike na mikono ya chapati.

Idi: Si Babu anayo ile ya zamani?

Babu: Ilipindwa na jua. Nani aliiacha dirishani, tusiulizane mbele ya watoto.

Idi: 🤐

Shangazi Mwana: Hiyo ni bendi gani baba? Mimi ya Marekani siyajui.

Babu: Bendi mbili nzima za jazi, ya Duke na ya Basie, chumba kimoja. New York, tarehe 6 Julai 1961. Piano mbili, wapiga dramu wawili, tarumbeta ndiyo usiseme. Studio ile zamani ilikuwa kanisa, ndiyo maana ukisikiliza unaona kabisa dari iko juu.

Shangazi Mwana: Wakashindana?

Babu: Wimbo wa kwanza wameuita Battle Royal, ukadhani watatoana roho. Wapi! Wanataniana tu, huyu akimaliza yule anadakia.

Babu: Ila kusema haki Basie alizidiwa. Hasikiki. Nilisema toka siku ya kwanza.

Anko Rashidi: Baba hapo hapana. Mle ndani Basie kawekwa spika ya kushoto, Ellington ya kulia. Kila mtu na upande wake.

Babu: Kushoto nani?

Anko Rashidi: Basie.

Zuhura: Ngojeni naiweka

Zuhura: Babu, spika ya kushoto haitoi kitu 😳

Idi: 😂😂😂😂

Shangazi Mwana: Ile si ndiyo mama aliimwagia chai?

Bibi: Ulikuwa uji. Na nilisema siku ileile.

Babu: Yaani miaka yote hii nasikiliza bendi moja?

Anko Rashidi: Moja na robo. Walikuwa chumba kimoja, kwa hiyo Basie alipenya kidogo kwenye maiki za wenzake. Kama redio ya jirani.

Babu: Ndivyo alivyo kabisa! Redio ya jirani!

Zuhura: Nimeichomeka spika nzima upande wa kushoto. Nimeweka ule wa mwisho, Jumpin' at the Woodside. Babu njoo sebuleni.

Bibi: Ameshakuja. Kaacha na kiatu kimoja huku.

Zuhura: Hataki kuongea. Kanyoosha kidole kimoja juu.

Babu: Kumbe Sonny Payne wa Basie anapiga dramu hivi. Na Frank Foster na saksofoni yake, wote walikuwemo humu.

Babu: Nimemkosea Basie.

Anko Rashidi: 😄 Haya sasa nani kazidiwa?

Babu: Sasa Duke ndiye hasikiki.

Babu: Idi, kesho asubuhi mpeleke Basie kwa fundi.

Idi: Kwa nini mimi tena?

Babu: Dirisha.